Bruda wa Jikoni

Kengele ya kanisa ikilia siku ya Jumapili, mtu hunawa, huvaa nguo yake iliyo safi kuliko zote, akaenda kukutana na Mungu. Hayo ni mema, wala hapana wa kuyalaumu. Lakini Jumatatu asubuhi nguo ile hukunjwa ikarudishwa sandukuni, na mara nyingi Mungu naye hukunjwa pamoja nayo. Mwenye nguo hushika jembe, au mwiko, au kalamu ya ofisini, na moyoni mwake huona kwamba sasa yuko mahali ambapo Mungu hana shughuli napo, mpaka kengele ilie tena. Mama mwenye watoto wanne wadogo, na maji ya kuteka, na kuni za kutafuta, husema, "Laiti ningepata nafasi, ningesali sana." Nafasi haiji. Naye akiwa mtu wa moyo mnyofu huanza kuhuzunika, akidhani kwamba Mungu ana watu wake wa karibu, nao ni mapadre na wachungaji na watawa, na kwamba yeye jikoni kwake yu mbali.

Katika mazungumzo haya nataka kuwaelezeni habari za mtu mmoja aliyekuwa mtawa kweli, tena katika nyumba yenye sala nyingi, lakini wakubwa wake wakampeleka jikoni, na kazi ya jikoni hakuipenda.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Nicolas Herman. Alizaliwa yapata mwaka 1614 katika kijiji cha Hériménil, nchi ya Lorraine, ambayo siku hizo ilikuwa na mtawala wake yenyewe, na leo ni sehemu ya mashariki ya Ufaransa. Elimu aliyopata ilikuwa haba. Wakati wa ujana wake vita vikubwa vilikuwa vikiwaka katika Ulaya, vile viitwavyo Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618 visikome mpaka mwaka 1648, na Lorraine ilikuwa njia ya majeshi. Nicolas akaingia uaskari. Safari moja askari wa Kijerumani walimkamata wakamdhania kuwa mpelelezi, wakatisha kumnyonga; akawajibu kwa utulivu hata wakamwacha aende zake. Mwaka 1635 Waswidi walipoushambulia mji mdogo wa Rambervillers alijeruhiwa, akarudi kwa wazazi wake kuuguzwa.

Lakini kabla ya jeraha hilo, alipokuwa na umri wa miaka 18, alikuwa ameona kitu kimoja ambacho hakukisahau kamwe. Aliona mti.

Yafaa nieleze. Katika nchi zile, majira ya baridi yakifika, miti mingi hupukutisha majani yote ikasimama mitupu, mfano wa mibuyu yetu wakati wa kiangazi. Mgeni asiyejua angeikata yote kuwa kuni. Nicolas aliutazama mti mmoja wa namna hiyo, akafikiri kwamba baada ya muda mfupi majani yatachipuka, kisha maua, kisha matunda. Na katika fikira hiyo akaona uweza wa Mungu na jinsi atunzavyo viumbe vyake, akaona kwa nguvu hata moyo wake ukaachana na mambo mengi aliyoyapenda zamani. Alipoisimulia habari hiyo miaka mingi baadaye, alisema hakuweza kujua kama mapenzi yake kwa Mungu yamezidi tangu siku ile. Angalieni, hapakuwa na sauti kutoka mbinguni wala nuru ya ajabu. Palikuwa na mti tu, nao hata jani haukuwa nalo. Wenziwe waliupita mti ule ule.

Alipopona alijaribu kukaa upweke kama mkaa pangoni, lakini maisha hayo hayakumfaa. Akawa mtumishi katika nyumba ya mweka hazina mmoja jina lake Fieubet. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa mzito wa mikono, mvunja kila kitu. Hata mwaka 1640, alipokuwa na miaka 26, akaenda Paris akabisha mlango wa Wakarmeli Peku, katika barabara ya Vaugirard, ambako kanisa lao lingali limesimama mpaka leo. Hao ni watawa waliofuata matengenezo yaliyoanzwa na Mtakatifu Teresa wa Avila katika Hispania mwaka 1562. Waliitwa Peku kwa kuwa waliacha viatu, ingawa kwa kweli walivaa makubadhi, na makubadhi hayo yataingia katika habari yetu. Kwa kuwa Nicolas hakuwa na elimu ya upadre, alipokewa kuwa bruda, yaani mtawa wa kazi za mikono, akapewa jina jipya, Laurent wa Ufufuo.

Baadaye alikuwa akisema kwa mzaha kwamba alikwenda utawani akitumaini kuchunwa ngozi kwa uzito wake wa mikono na makosa yake, apate kumtolea Mungu raha zote za maisha. Lakini Mungu amemdanganya, maana humo hakuona ila furaha tupu.

Mzaha huo ni mtamu, lakini usitupoteze. Furaha haikumngoja mlangoni. Kwanza alipangwa jikoni, na tumeambiwa waziwazi kwamba kwa tabia yake aliichukia kazi ya jikoni. Mtu aliyewahi kupikia watu wengi anajua ni nini: moshi, haraka, huyu anaita chumvi na huyu anaita maji, vyungu vinavyochemka vyote kwa saa moja, na sahani chafu zinazorudi wakati mpishi anadhani amemaliza. Na kengele ya sala hulia wakati mchuzi uko motoni. Teresa mwenyewe, aliyekufa mwaka 1582, alikuwa ameyajua hayo, akawaandikia watawa wake wasihuzunike utii ukiwapeleka jikoni, kwa kuwa Bwana yuko huko nako kati ya vyungu. Lakini neno kama hilo ni rahisi kulisoma. Kuliamini huku macho yanatoka machozi ya moshi ni kazi nyingine.

Pili, na hili lilikuwa zito kuliko moshi, kwa muda wa miaka kama kumi roho yake haikuwa na raha. Alikumbuka dhambi zake, akaona kwamba neema aliyopewa hakustahili hata kidogo, na pengine akadhani kwamba kujidai yu karibu na Mungu ni kiburi tu. Katika miaka hiyo ilikuwako minne ambayo aliamini kabisa kwamba amekwisha kupotea, na kama watu wote wa ulimwengu wangekuja kumwambia sivyo, wasingeweza kumgeuza. Hebu mfikirini mtu huyu. Asubuhi anawasha moto, mchana anapika, jioni anasugua masufuria, na ndani yake kuna hukumu inayomwambia kila siku kwamba hana sehemu kwa Mungu.

Alitokaje? Hakutoka kwa kupata hoja ya kumhakikishia wokovu wake. Alijiambia kwamba aliingia utawani kwa ajili ya kumpenda Mungu, na kwamba lolote litakalompata, awe ameokoka au amepotea, ataendelea kutenda mambo yake yote kwa ajili ya mapenzi hayo. Angalau jema hili moja atakuwa nalo, kwamba mpaka kufa alijitahidi kumpenda. Basi akakata shauri kuvumilia taabu ile maisha yake yote. Na alipokwisha kukubali kwamba haitaondoka, akajiona ghafula amebadilika, na roho yake ikapata amani, kama mtu aliyefika mwisho wa safari akaketi.

Mimi naona kwamba hapa ndipo penye kiini cha habari yake yote, kuliko penye mti na kuliko penye jiko. Wengi wetu tunamtafuta Mungu tukitaka kwanza kusikia kitu: moyo uwake, machozi yatoke, amani ishuke. Tusiposikia kitu twasema hayupo. Bruda Laurent aliacha kumdai Mungu ushahidi wa namna hiyo. Alitenda kama mtu aliye mbele ya Mungu, siku ambazo alisikia na siku ambazo hakusikia. Mama aamkaye usiku kumtazama mtoto mgonjwa hajiulizi kama moyoni mwake mna joto la mapenzi saa ile. Ana usingizi, amechoka, lakini ameamka. Mapenzi yako katika kule kuamka. Na mtoto, ajapokuwa mdogo sana asijue kusema, anajua ni nani aliye karibu naye.

Njia yake si ngumu kuieleza. Kabla ya kushika kazi alimwambia Mungu maneno machache ya kawaida: kwamba anajua yupo pamoja naye, na kwamba anaomba neema ya kuitenda kazi hii mbele yake. Wakati wa kazi aliendelea kusema naye kama mtu asemavyo na rafiki aketiye karibu, maneno mafupi mafupi, na pengine si maneno bali kugeuza moyo tu, kama unavyoinua macho kumtazama mwenzio kisha ukarudi kwenye kazi. Kazi ikiisha alitazama jinsi alivyoitenda. Ikiwa imekwenda vyema alishukuru, ikiwa imekwenda vibaya aliomba radhi. Alikuwa amejaribu njia za vitabu, zile zenye madaraja na vipimo vingi, akaona zinamchanganya. Kwake yeye kugeuza kimanda cha mayai katika kikaango kwa ajili ya kumpenda Mungu kulitosha, na kama hakuwa na kazi nyingine alisujudu akashukuru. Hata kuokota unyasi chini kwa ajili ya mapenzi hayo hakukuona kuwa jambo dogo.

Watu husikia hayo wakasema, "Hilo nami naliweza." Basi wajaribu kesho. Mtu ataanza vizuri alfajiri, kisha ng'ombe atavunja ua, au jirani atakuja na maneno, na saa sita mchana atagundua kwamba tangu jua kuchomoza hakumkumbuka Mungu hata mara moja. Hapo huja kosa la pili, lililo baya kuliko la kwanza, nalo ni kununa. Huanza kujikemea, kujichunguza, kujidharau, na mwisho husema, "Mambo haya ni ya watakatifu," akayaacha. Bruda Laurent alisahau vilevile. Kuzoea kulimpa taabu sana mwanzoni, wala hakulificha hilo. Lakini alipotambua kwamba amesahau, alikiri mbele ya Mungu kwamba hivi ndivyo alivyo, na kwamba akiachwa peke yake hatafanya ila kosa. Kisha hakusumbuka tena, akarudi. Asukaye ukili, mwaa ukimponyoka, haketi akaulilia. Huurudisha mahali pake akaendelea kusuka, na mkeka ukiisha hapana ajuaye ni wapi ulipoponyoka. Bruda alikaa jikoni miaka kama kumi na mitano, na kazi ile aliyoichukia akaiona nyepesi. Alisema kwamba katika makelele ya jiko, watu wengi wakimwita kwa mara moja, alikuwa na Mungu kwa utulivu kama ule wa kupiga magoti mbele ya Sakramenti.

Mtu asiseme kutokana na haya kwamba hapana haja ya kanisa wala saa za sala. Bruda alizishika saa zote za nyumba yake mpaka mwisho. Alichosema ni kwamba sala inapokwisha, Mungu hatoki mlangoni tunapotoka sisi.

Tena nina neno kwa wanaume wanaosoma. Msifunge kitabu hiki mkaenda kuwaambia wake zenu kwamba sasa wasilalamike, maana jikoni ndiko kwenye Mungu. Na bwana mwenye watumishi asiipende habari hii kwa kuwa humfundisha mpishi kunyamaza. Laurent hakuwahubiria wengine habari za jiko ili yeye apumzike. Yeye ndiye aliyekuwa motoni. Kwamba Mungu yupo na mpishi si sababu ya kumpunja mpishi ujira wake. Ni sababu ya kuogopa kumpunja.

Baadaye, mguu wake ulipozidi kuwa mbovu, alihamishiwa kazi ya kutengeneza yale makubadhi ya watawa. Kazi hiyo aliipenda, lakini alisema yu tayari kuiacha kama alivyoiacha ile ya kwanza. Na bado walimtuma mara kwa mara. Mwaka 1665 alipelekwa nchi ya Auvergne kununua mvinyo wa nyumba yao, na mwaka uliofuata akapelekwa Burgundy kwa shughuli hiyo hiyo. Biashara hakuijua, na mguu haukumsaidia. Ndani ya mashua hakuweza kutembea, alijisogeza kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Hebu itazameni picha hiyo: mtu mzima, mtawa, anajiviringisha juu ya mapipa ya mvinyo. Yeye hakuona aibu. Alimwambia Mungu kwamba shughuli ni yake Mungu, akafanya alivyoweza, na aliporudi akaona kwamba mambo yamekwenda vyema, asijue yalikwendaje.

Habari hizi nyingi tumezipata kwa padre mmoja, Joseph de Beaufort, aliyekuja kuzungumza naye kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1666. Akarudi mara nyingine tatu, ya mwisho ikiwa tarehe 25 Novemba 1667, na kila mara akaandika aliyoyasikia. Si yeye peke yake aliyekuja kwa bruda huyu. Fénelon, mtu mwenye elimu kubwa ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Cambrai, alimwendea alipokuwa mgonjwa sana, akamkuta mchangamfu. Wengine walimwandikia barua, naye aliwajibu kwa maneno machache. Kuhusu askari mmoja alieleza kwamba kumwinulia Mungu moyo kwa dakika moja, hata katika mwendo wa jeshi na upanga mkononi, ni sala, tena Mungu huipokea ijapokuwa fupi. Alijua anachosema, upanga alikuwa ameushika yeye mwenyewe.

Uzee wake ulikuwa wa maumivu. Mguu ulifanya kidonda. Alikufa Paris tarehe 12 Februari 1691. Mwaka 1692 na mwaka 1694 Padre Beaufort alipiga chapa maneno yake na barua zake, vitabu viwili vidogo. Barua zilizobaki ni 16 tu. Katika Ufaransa mabishano ya wanachuoni kuhusu sala ya kimya yalifanya vitabu hivyo visisomwe sana, maana watu waliogopa kila kilichofanana na mafundisho yaliyokatazwa. Lakini Waprotestanti wa Ulaya wakavipokea. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alitia sehemu zake katika mfululizo wa vitabu vya dini alivyowachapishia wafuasi wake. Hivyo mpishi Mkatoliki akawa mwalimu wa watu ambao katika maisha yake hawangeketi naye kanisani.

Yeye mwenyewe hakutaka jambo hilo. Zamani, mtawa mmoja mwanamke alimsihi kwa bidii amweleze kwa njia gani alivyofikia kukaa na Mungu daima. Bruda alikataa, akasihiwa tena, mwisho akakubali kwa sharti moja: barua asionyeshwe mtu yeyote, na kama angejua kwamba ataionyesha, haja yake yote ya kumfaidia isingemfanya aandike hata neno. Sharti hilo halikushikwa. Barua ile imepigwa chapa mara nyingi tangu siku hizo.